Mpaka Uliotembea

Ayikoru mwanangu,

Wewe uko Ntinda kuwaaga wajomba zako, na ninavyowajua hawatakuachia mapema. Mimi niko hapa Kasubi, nimekaa kwenye kitanda chako kwa sababu dirisha lako ndilo lenye mwanga mzuri saa hizi za jioni. Begi lako liko miguuni pangu, limevimba mpaka zipu inalalamika. Sitakuandikia habari za blanketi, wala chakula cha njiani, wala nani wa kumpigia simu ukifika Mwanza. Hayo tumeyasema sana hadi ukawa unaitikia kabla sijamaliza.

Kesho hutaniona kwenye paki ya mabasi. Basi lako linaondoka saa tano, na saa nne mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wetu, anakuja hapa na mpimaji, kamba mkononi, kuangalia mpaka wetu na Fundi Lule. Juzi uliposema utaahirisha safari wiki moja usimame nami, nilikukatalia kwa sauti kubwa ukadhani nina hasira. Ilikuwa hofu. Nilijua nikikuona umesimama pale na uso wako huo, nitashindwa kusema ninachotakiwa kusema.

Jambo lenyewe nalisema sasa, kabla kalamu haijaanza kuzunguka. Chumba hiki nilichokaa, chumba chako, futi sita zake ziko juu ya ardhi ya Jjajja Nalongo, bibi jirani yetu. Nilijua hivyo siku ile tunachimba msingi. Kesho nikinyamaza, chumba kitabaki. Nikisema, kitavunjwa. Nimeamua kusema, na nataka ulisikie kwangu kwanza, si kwa simu ya jirani.

Karatasi tuliyonunulia kiwanja inasema upana ni futi hamsini. Fundi Lule upande wa mashariki ametula futi sita. Mimi nimemla Jjajja Nalongo futi sita upande wa magharibi. Wewe ni mtu wa maabara, fanya hesabu. Mpimaji atavuta kamba, atapata hamsini kamili, ataikunja, na mwenyekiti atasema Afande huna shida yoyote, rudi ndani. Nimejifungia mlango mwenyewe. Siwezi kumdai Lule hata inchi moja bila kwanza kusema nilichomfanyia yule bibi.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Sisi ni watu wa kambi. Ulizaliwa kambini, na mimi nilipoingia polisi nilikuwa na miaka ishirini, nikapewa chumba chenye namba mlangoni. Mpaka tulioujua ni ukuta wa chumba, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kupaza sauti. Uwanja ulikuwa wa wote, yaani haukuwa wa mtu. Marehemu baba yako, Rajabu, alikuwa Mwislamu na mwanajeshi, mimi Mkatoliki na polisi, na watu walituuliza tunaishije. Tuliishi vizuri. Yeye alisali Ijumaa, mimi Jumapili, na Jumamosi tulifyeka nyasi pamoja kwa sababu afande mkubwa alikuwa anapita kukagua.

Alipofariki ulikuwa na miaka minane. Sikutaka ukulie kwenye namba. Mwaka uliofuata nikapata kiwanja hiki, na mzee aliyetuuzia akanitembeza pande zote nne, ananionyesha mimea mirefu yenye majani ya kijani, anaongea Kiganda cha haraka. Wakati ule Kiganda changu kilikuwa cha kununulia nyanya. Nikawa naitikia tu, "Eeh, ssebo. Eeh, ssebo." Nilidhani ni mzee anayejivunia maua yake.

Jumamosi ya kwanza niliamka nikafanya kazi ya Jumamosi. Nilikwatua upande wote wa mashariki. Ile mimea niliing'oa na mizizi, nikairundika, nikasimama pembeni mikono kiunoni nikingoja kukaguliwa. Aliyekuja kukagua ni Fundi Lule, mbio, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso.

"Afande, Afande, ngoja kwanza. Hii umeng'oa ni mpaka."

"Mpaka gani? Hizi si nyasi tu?"

"Hii si nyasi. Hii inaitwa luwanyi. Hii ndiyo inasema hapa ni wewe, hapa ni mimi."

Alicheka hadi akakaa chini. Polisi mzima amekamata mpaka wake mwenyewe. Kisha akaokota ile mimea, akairudisha mmoja mmoja kwenye mashimo yake, akikanyagia udongo kwa kisigino. Nikamuuliza kama itashika. "Hii hata ukitupa chini inashika," akasema. Na kweli, mvua mbili tu, ikasimama. Nataka ulijue hili kuhusu Lule, maana kesho watu watamsema vibaya na mimi nitakuwa mmoja wao: siku ile angeweza kuipanda popote alipotaka, mimi nisingejua. Aliirudisha kila mmoja mahali pake. Huyo ndiye mtu aliyetula futi sita, na sidhani kama siku ile alikuwa amewaza kula hata moja.

Alianza kwa kuomba. "Afande, mimi naomba kuegemeza mirango yangu hapa, wiki moja tu, mwenye mirango anakuja." Nani angekataa? Milango ya chuma, mitatu, imeegemea luwanyi. Wiki ikapita. Milango ikaondoka, ikaja mingine, kisha mageti. Cheche za kuchomelea zikachoma majani, mimea miwili mitatu ikakauka. Lule akaniambia pole, akapanda mingine, na mingine hiyo ikasimama upande wetu wa ile iliyokauka, umbali wa kiganja. Nilikuwa naiona kila asubuhi nikienda kazini. Kiganja ni kitu gani? Utamwitia mtu mwenyekiti kwa ajili ya kiganja? Mtu aliyekutengenezea kitasa cha mlango akakataa hata soda?

Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja. Ulikuwa unachora miraba yako ya kuruka kuanzia ukuta wa jiko mpaka kwenye luwanyi, miraba saba, kwa mkaa. Siku moja ukaja ndani umeshika kile kipande cha mkaa.

"Mama, saba haienei tena. Mti umetembea."

Nikakujibu, "Miti haitembei. Ni wewe umekua, miguu imekuwa mikubwa."

Uliangalia miguu yako. Ukaniamini. Ukarudi nje ukachora miraba sita.

Ayikoru, ardhi haijawahi kuniuma kama hilo. Ulikuwa umeona sawasawa, na mama yako, mtu anayelipwa kwa kazi ya kusikiliza ushahidi, alikufanya uyatilie shaka macho yako kwa sababu ukweli wako ungenilazimisha kuvaa viatu na kwenda kwa jirani. Naomba unisamehe. Mti ulikuwa umetembea.

Nilikaa kaunta miaka kumi na tisa, unajua. Nimeandika maelezo ya watu mpaka kidole hiki kikaota sugu. Mtu akija akasema "amenivamia", kalamu inakimbia yenyewe: saa ngapi, walikuwa wangapi, nani aliona. Kuvamia kuna saa yake na kelele zake. Shida ilikuwa wale wengine. Kulikuwa na mwanamke mmoja Mkongomani, muuza vitenge kule Nakivubo, alikuja asubuhi moja na nguo zake za kanisani, akaniambia, "Afande, jirani yangu ananisukumaka na meza yake. Leo kidole, kesho kidole." Nikamuuliza tarehe. Akasema kila siku. Nikamuuliza kama amepigwa, kama ametukanwa. Hapana, wanasalimiana vizuri, hata wanachangia chai. Nikaweka kalamu chini nikamwambia arudi akiwa na tukio. Alinitazama kidogo, akakunja kitenge chake begani, akaondoka. Hakurudi tena. Sijui kama ile meza ilimtoa kabisa. Siku hizi nikipita Nakivubo namtafuta kwa macho, na sijui nikimwona nitamwambia nini.

Nilipogeuka kuwa mlalamikaji ndipo nilipoanza kuyapima maneno, kwa sababu nilitaka kumwandikia mwenyekiti na kila neno nililoshika lilikuwa halitoshi. Nikaandika kwamba Lule amevamia, nikalifuta, maana hajawahi kuja na panga. Nikajaribu "amenyemelea". Lakini paka anayenyemelea kifaranga ameshajua atakula tangu yuko mbali, na Lule hakujua, nimekwambia. Nikafikiria "amejipenyeza". Hilo lilikuwa karibu, ila mtu hujipenyeza palipo na upenyo, na nikijiuliza upenyo aliuacha nani, najua jibu. Nikaja kwenye "amemega", nikakaa nalo muda mrefu. Tunapokula enya nyumbani, ugali mmoja kwenye sahani moja, kila mtu anamega upande wake, hakuna mwizi pale. Unakuja kushtuka tu kwamba mbele yako pamebaki sahani tupu na mwenzako bado anatafuna huku anakuuliza habari za kazi. Hilo ndilo nililoandika. Waganda wana lao, wanasema mtu amesaalimbira, na mwenyekiti aliposoma barua yangu alilitumia hilo mara moja, bila hata kufikiri. Nilimwonea wivu.

Ila nisikilize hapa, maana ndipo penyewe. Katika miaka yote hiyo Lule hajawahi kutumia hata neno moja kati ya hayo. Ukimuuliza, yeye "ameongeza kidogo". "Afande, nimeongeza kidogo tu pale kwa ajiri ya mageti, hapana kasirika." Ameongeza. Na mimi nilipofanya yangu, unajua nilikuwa nasema nini moyoni? Nilisema nanyoosha.

Ilikuwa mvua za mwezi wa tatu, wewe umekwenda shule. Nilikuwa nimetoka kuangalia upande wa mashariki, nimekuta kiganja kingine kimeondoka, nimerudi ndani na moto kifuani na sikumwambia Lule neno. Badala yake nikachukua panga nikaenda magharibi. Kule mstari wa luwanyi ulikuwa umepinda kidogo, hilo ni kweli, na nililishika hilo. Nikakata vijiti sita, nikavichomeka futi mbili kuingia kwa Jjajja Nalongo, palipo laini kwa sababu alikuwa anapalizia maharage yake. Jjajja alikuwa kwenye kibaraza chake. Macho yake yalikuwa yameshaanza ukungu. Akanisalimia, "Wasuze otya, Afande," nikamwitikia vizuri, nimeinama, kijiti mkononi. Wiki ya tatu vilipochipua nikang'oa ile ya zamani nikaitupa kwenye shimo la takataka. Jioni yake nikampelekea sukari.

Nilinyoosha tena mvua za mwisho wa mwaka. Na mwaka uliofuata tena. Jumla futi sita. Sikuwahi kwenda kwa Lule, mwanaume mwenye mikono kama koleo na vijana wanne wa kazi. Nilikwenda kwa ajuza asiyeona. Kila alichonichukulia mwenye nguvu, nilikifidia kwa asiye na nguvu, na nilifanya hivyo huku nimevaa sare ya serikali siku tano za wiki. Nimetafuta namna ya kuliandika hili likasikika afadhali. Haipo.

Kisha nikajenga. Ulikuwa na miaka kumi na minne na ulikuwa umeanza kuvalia nguo nyuma ya mlango wa kabati, unanionea haya, na mimi nikasema mtoto huyu apate chumba. Nilijenga magharibi kwa sababu mashariki palikuwa pamebanwa. Unakumbuka siku ya kupaka rangi? Ulipaka ukuta mmoja njano na mwingine bluu, nikakuambia unaonekana kama kioski cha simu, ukacheka ukanipaka puani. Nilifurahi siku ile, Ayiko, nilifurahi kweli. Hilo nalo sitaki kulikana. Furaha ilikuwa yetu ingawa sakafu haikuwa yetu.

Dirisha hili alilitengeneza Fundi Lule. Alipokuja kulifunga alitoa kichwa nje, akaangalia luwanyi ya magharibi ilivyosimama, akaangalia kibaraza cha Jjajja, kisha akanigeukia. Alitabasamu tu, na akaendelea kukaza misumari. Wiki hiyohiyo upande wa mashariki ulisogea futi mbili kwa mkupuo mmoja, wala hakusingizia cheche. Alikuwa ameona kwamba mdomo wangu umefungwa, na aliyeufunga ni mimi.

Kwa hiyo ukiwaza kwa nini mama yako, mwanamke aliyekuwa akiwafokea walevi mpaka pombe ikawatoka, alinyamaza kwa fundi wa mageti miaka yote hii, sababu ni hiyo. Mwezi uliopita alipochimba msingi wa ukuta wa matofali, hasira ilinipanda nikampelekea mwenyekiti ile barua, nimepima maneno tu. Nilipofika nyumbani ndipo nilipohesabu futi zangu. Nimekaa na hesabu hiyo wiki tatu. Ulikuwa unaniuliza kwa nini sili.

Mwanangu, unakwenda mahali ambapo hakuna anayekujua. Watakucheka Kiswahili chako kwanza. Watakuuliza umejifunza kwa wanajeshi? Wewe waambie ndiyo, na polisi pia, na uendelee na kazi. Hilo halina madhara. Lakini mtu atakuja na mlango wake na kuomba auegemeze wiki moja. Inaweza kuwa zamu yako ya kazi, inaweza kuwa chumba chako, inaweza kuwa moyo wako, sijui, na si kazi yangu tena kujua. Sikwambii umkatalie. Ile milango ya kwanza ya Lule ilikuwa ombi la jirani, na kesho akiomba tena kwa namna ile nitamkubalia. Kosa langu lilikuwa wiki ya pili. Ilinipasa kuvuka pale kwa miguu yangu, nikiwa bado nampenda jirani yangu, niseme, "Fundi, wiki imekwisha." Maneno matatu. Siku ile yangekuwa mepesi, tungecheka wote. Nimengoja miaka kumi na mitatu yakawa mazito, yanahitaji mwenyekiti, mpimaji na kamba.

Na kuna upande wa pili, ambao watu hawapendi kuwaambia watoto wao. Wewe nawe utamsogelea mtu. Hutajua. Utakuwa umechoka, umedhulumiwa mahali pengine, na atakuwepo mtu mpole karibu nawe ambaye haonekani kuona. Wakati huo sikiliza neno unalojiambia. Ukijisikia unasema unaongeza kidogo, unanyoosha, unapanga tu vizuri, angalia chini uone umesimama kwa nani. Mimi sikuangalia. Au niseme ukweli, niliangalia nikaona maharage ya Jjajja, nikachomeka kijiti kati yake.

Sasa nikuambie la leo mchana.

Nilisema siwezi kumwacha yule bibi alisikie jambo hili kesho mbele ya watu, kama mtu anayesomewa hukumu ya mtu mwingine. Saa nane nikavuka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua karanga kwa vidole, maana macho sasa hayapo kabisa. Nikapiga magoti kama wanavyofanya kwao. Nikamweleza yote kwa Kiganda, na Kiganda changu sasa kinatosha hata kwa aibu. Nilimweleza vijiti, misimu mitatu, chumba, futi sita. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza akanijibu kwa Kiswahili. Sijawahi kumsikia akikitumia miaka yote hii. Unajua Waganda wa umri wake walikisikia kwa nani: kwa watu wenye bunduki, barabarani, usiku, miaka ile ya vita. Alikitoa polepole, neno moja moja.

"Mimi nilijua, Afande. Macho ilikataa, sikio inasikia. Mimi nilisikia panga yako."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nikasema wapi? Kwa polisi?" Akatupa ganda la karanga pembeni. "Polisi ni wewe."

Sikuwa na pa kuweka uso. Nimefokewa na wakubwa, nimetukanwa na wahalifu, nimezika mume. Hakuna kilichowahi kunikalia kifuani kama maneno yale, yaliyosemwa bila hasira yoyote, na bibi anayechambua karanga. Nikamwambia kesho nitasema mbele ya mwenyekiti, chumba kitavunjwa, luwanyi itarudi ilipokuwa. Akatikisa kichwa, akakubali. Nikadhani yamekwisha, nikaanza kuinuka.

"Na mutoto?" akauliza. "Mutoto atalala wapi?"

"Anasafiri kesho, Jjajja. Amepata kazi Mwanza."

Mikono yake ilisimama.

"Eeh," akasema. "Basi wewe ulingoja yeye aende."

Nilirudi kupiga magoti pale. Nilitaka kumwambia si hivyo, kwamba ni Lule na msingi wake, ni kamba, ni mwenyekiti. Vyote hivyo ni kweli, na bado yeye ndiye aliyesema sawa. Miaka tisa ulipohitaji chumba, sikuwa na ukweli wa kumpa. Leo hukihitaji tena, nimemletea ukweli huo kama zawadi. Nimerudi hapa nikakaa kwenye kitanda chako, na jambo la kwanza nililotaka kufanya ni kukupigia simu Ntinda nikuambie uje tusaidiane kutoa vitu. Sikupiga. Nimeandika.

Kwa hiyo, Ayikoru, usikatize safari. Usishuke njiani ukageuza. Picha zako na vitabu vyako nitavihamishia kwangu leo kabla hujarudi, utakuwa umevikuta chumbani kwangu; sasa unajua kwa nini. Barua hii nitaiweka ndani ya begi, chini kabisa, uikute umeshavuka mpaka wa Mutukula. Najua ni ujanja wa kipolisi. Nivumilie huu mmoja.

Kesho saa nne mpimaji atauliza aanzie upande gani. Lule atasema mashariki, na mwenyekiti atanitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyeshtaki. Nitawavusha wote kwanza mpaka kwenye maharage ya Jjajja Nalongo, nitashika ncha ya kamba kwa mkono wangu, na nitasema kwa sauti ambayo yeye atanisikia akiwa kibarazani kwake: nilimega.

Mama yako